María Moliner, mkutubi

Hadithi ya María Moliner husimuliwa hivi. Palikuwa na mama mmoja Madrid, mke wa profesa, mwenye watoto wanne. Watoto walipokuwa wakubwa akakaa mezani nyumbani kwake na karatasi zake, na baada ya miaka kama kumi na mitano akainuka na kamusi kubwa kuliko ile ya Akademia ya Kifalme ya Hispania, taasisi inayosimamia lugha ya Kihispania. Muda alipokuwa haandiki, alikuwa akitia viraka soksi.

Aliyeieneza hadithi hii kuliko wote ni mwandishi wa Kolombia Gabriel García Márquez, katika makala aliyoitoa Februari 1981, wiki chache baada ya Moliner kufariki. Ni makala iliyojaa mapenzi, na kwa upande huo sina ugomvi nayo. Anasema mwanamke huyu aliandika peke yake, nyumbani kwake, kwa mkono wake mwenyewe, kamusi iliyokamilika, yenye manufaa na yenye kuburudisha kuliko zote za Kihispania: kurasa elfu tatu, uzito wa kilo tatu, na kwa maoni yake ubora unaozidi mara mbili ule wa kamusi ya Akademia. Kisha anaongeza kwamba aliiandika katika saa alizoachiwa na ajira yake ya ukutubi, pamoja na ile ambayo mwenyewe aliihesabu kuwa ndiyo kazi yake hasa, yaani kutia viraka soksi.

Soksi ndizo zilizobaki vichwani mwa watu. Ukutubi ukapita kama neno la kujazia sentensi. Mimi naishi kwa kuhariri miswada ya watu na kamusi haziondoki mezani pangu, na hadithi hii huniuma kila ninapokutana nayo, maana ni sifa inayompandisha mtu huku ikimvua taaluma yake. Moliner alipoanza kuandika kadi za kamusi yake, mwanzoni mwa miaka ya 1950, alikuwa ametumikia nyaraka na maktaba za dola kwa miaka thelathini. Alikuwa amefundishwa kazi ya kamusi tangu ujana. Alikuwa amepeleka vitabu vijijini, ameandika mwongozo wa wakutubi, amechora mpango wa maktaba wa nchi nzima, na kwa sababu hizo hizo alikuwa ameadhibiwa. Kamusi ilitoka katika maisha hayo, na mtu asiyeyajua hawezi kueleza kwa nini ikawa kamusi ya aina ile.

Alizaliwa tarehe 30 Machi 1900 huko Paniza, kijiji cha mkoa wa Zaragoza, katika eneo la Aragón. Baba yake alikuwa daktari wa kijiji, baadaye akawa daktari wa meli, akafika Argentina na kubaki huko, akiwaacha mke na watoto watatu wajitegemee. Mama akarudi nao Aragón. María akiwa bado msichana akawa anawafundisha wenzake Kilatini, hesabu na historia kwa malipo, ili nyumba isimame.

Huko Zaragoza, akiwa na miaka kumi na saba hivi, akaingia katika kituo kidogo kilichoitwa Estudio de Filología de Aragón. Kiongozi wake, Juan Moneva, alikuwa profesa wa sheria aliyependa lugha ya watu wa kwao, na alikuwa akiandaa kamusi ya maneno ya Aragón. Kazi ya vijana pale ilikuwa kukusanya maneno, kuyaandika kwenye kadi, kuyapanga, kuhakiki fasili, yaani maelezo ya maana. Kwa yeyote aliyewahi kugusa utunzi wa kamusi, huo ndio uanagenzi wenyewe. Moliner aliufanya kwa miaka minne hivi, hadi 1921 alipohitimu shahada ya historia kwa alama za juu kabisa na tuzo ya chuo. Hadithi ya soksi inaanza miaka thelathini baadaye na kuuacha uanagenzi huu nje.

Mwaka 1922 alifaulu mtihani wa kuingia utumishi wa watunza nyaraka, wakutubi na wanaakiolojia wa dola, akapangiwa Simancas, ngome ya zamani karibu na Valladolid inayohifadhi hati za wafalme wa Kastilia. Hakukaa sana. Alihamia Murcia, kwenye nyaraka za idara ya fedha, na huko mwaka 1924 akawa mwanamke wa kwanza kufundisha katika Chuo Kikuu cha Murcia. Alikutana na Fernando Ramón Ferrando, profesa wa fizikia, wakaoana 1925. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 familia ilihamia Valencia, na hapo ndipo yalipoanza mambo ambayo mimi nayaona kuwa kiini cha maisha yake.

Aprili 1931 Hispania ilitangaza Jamhuri, na mwaka huohuo serikali ikaanzisha Misiones Pedagógicas, chini ya mwalimu mzee Manuel Bartolomé Cossío. Wazo lilikuwa kuvifikia vijiji ambavyo havikuwahi kufikiwa na kitu chochote cha mjini isipokuwa kodi na jeshi. Vijana walipanda milimani na nyumbu waliobeba filamu, santuri, maigizo, nakala za michoro mikubwa ya makumbusho ya Prado, na vitabu. Wageni waliondoka, ila vitabu vilibaki. Kila kijiji kilichoomba kiliachiwa maktaba ndogo ya vitabu kama mia moja, kwa kawaida ndani ya shule, chini ya ulinzi wa mwalimu. Hadi vita vya wenyewe kwa wenyewe vinaanza mwaka 1936, maktaba za namna hiyo zilikuwa zimepita elfu tano.

Moliner alisimamia kazi hiyo upande wa Valencia, ambako maktaba zilifika zaidi ya mia moja. Upesi aliona tatizo ambalo kila aliyewahi kugawa vitabu vijijini analijua: sanduku la vitabu mia moja husomwa likaisha. Watoto wakishamaliza hadithi, na watu wazima wakishaviona viwili vitatu vinavyowahusu, sanduku linageuka samani. Kwa hiyo alitaka mtandao: maktaba kuu mjini inayozungusha vitabu, wakaguzi wanaotembelea vijiji na kumsikiliza mwalimu, orodha za vitabu zinazoeleweka, na njia ya msomaji wa kijiji cha mwisho kuomba kitabu ambacho kijiji chake hakina. Mwenyewe alisafiri kukagua. Mwaka 1935 alipeleka hoja hizo mbele ya kongamano la kimataifa la maktaba lililofanyika Hispania.

Vita vikaja Julai 1936. Serikali ya Jamhuri ilihamia Valencia, na Moliner akapewa kuongoza maktaba ya chuo kikuu cha hapo, kisha ofisi ya kununua vitabu na kubadilishana na nchi za nje. Mabomu yanaanguka, karatasi ni adimu, naye mwaka 1937 anashughulika kutoa mwongozo kwa wanaosimamia maktaba ndogo. Sehemu kubwa ni ya kiufundi: namna ya kupokea kitabu, kukipa namba, kukiweka rafuni, kuandika kadi. Mwanzoni lakini kuna barua kwa wakutubi wa vijijini, na nimeisoma mara nyingi kuliko maandishi mengine yoyote kuhusu maktaba.

Anasema mkutubi, ili aifanye kazi yake kwa moyo, anahitaji kuamini mambo mawili: kwamba watu anaokwenda kuwahudumia wanaweza kuinuka kiroho na kiakili, na kwamba kazi yake mwenyewe ina nguvu ya kuchangia kuinuka huko. Halafu anamwelezea mkutubi asiyefaa. Ni yule anayempokea mgeni kwa maneno ambayo yeye na wenzake walikuwa wameyasikia vijijini hadi yakachimbika akilini: tazama, watu wa kijiji hiki ni wagumu, waambie habari za dansi, mpira au sinema, lakini maktaba! Moliner hamkubalii mtu huyo hata kidogo. Anamwambia, kwa upole wa mwalimu, kwamba ukali wa watu na kutopenda kwao kitabu kuna sababu, na kwamba sababu hizo zina dawa. Maneno ya mkutubi yule, mtu wa kwetu anayajua. Tumeyasikia katika ofisi zetu, yakitumika kueleza kwa nini bajeti ya vitabu haina haraka.

Mpango wake mkubwa wa maktaba ulichapishwa mwanzoni mwa 1939. Uliwaza mfumo mmoja utakaomwezesha msomaji yeyote, mahali popote nchini, kupata kitabu chochote kinachomvutia. Tarehe 1 Aprili 1939 Jenerali Franco, aliyeongoza jeshi lililoipindua Jamhuri, alitangaza ushindi, na mpango ukaishia kwenye karatasi.

Kisha ikaja kusafishwa kwa watumishi wa dola. Kila mmoja alichunguzwa alifanya nini chini ya Jamhuri. Mume wa Moliner aliondolewa kwenye kiti chake cha uprofesa. Yeye mwenyewe alirudishwa kwenye nyaraka za idara ya fedha Valencia na kushushwa ngazi kumi na nane katika orodha ya utumishi. Alikuwa na miaka thelathini na tisa, mama wa watoto wanne, na kazi aliyoijua vizuri kuliko karibu mtu yeyote nchini haikuwepo tena. Rafiki zake wengi walikuwa uhamishoni. Yeye alibaki ndani ya nchi, kimya, kama walivyobaki maelfu.

Mwaka 1946 mume alirejeshewa uprofesa, lakini Salamanca. Familia ikahamia Madrid, naye akapewa maktaba ya shule ya wahandisi wa viwanda. Alikaa hapo hadi kustaafu mwaka 1970. Haikuwa maktaba ya kumtosha mtu aliyewahi kupanga maktaba za Hispania nzima. Watoto wanakua, mume yuko Salamanca wiki nzima na kurudi mwishoni mwa juma. Ndipo mwanawe Fernando alipomletea kutoka Paris kamusi ya A. S. Hornby, yule Mwingereza aliyewafundisha Wajapani Kiingereza. Ni kamusi ileile ambayo matoleo yake ya baadaye yamejaa katika shule zetu za sekondari Afrika Mashariki. Moliner aliona kwamba Kihispania hakikuwa na kitu kama kile: kamusi inayomwonyesha mtu namna ya kulitumia neno.

Alidhani itachukua miaka miwili. Mwanawe mdogo alikumbuka kwamba kila ukimuuliza, ilikuwa imebaki miaka miwili. Aliamka saa kumi na moja alfajiri, akagawa karatasi vipande vinne, akaandika kadi hadi muda wa kwenda kazini, na jioni akaendelea. Meza ndogo ya sebuleni ilipojaa, alilaza ubao juu ya migongo ya viti viwili. Mume aliyapima kwa siri mabunda ya kadi kwa utepe wa kupimia na kuwapelekea watoto habari. Safari moja aliwaambia mama amefika herufi ya mwisho. Miezi mitatu baadaye akawaambia, akiwa amekata tamaa, kwamba amerudi ya kwanza.

Sasa tuifungue kamusi yenyewe, *Diccionario de uso del español*, yaani kamusi ya matumizi ya Kihispania. Kamusi ya kawaida humsaidia mtu aliyekutana na neno asilolijua. Moliner alitaka kumsaidia pia yule aliye na wazo na hana neno, yule anayeandika barua ya maombi ya kazi na kukwama katikati. Kwa hiyo chini ya kidahizo, yaani neno linaloelezwa, aliweka orodha ndefu za visawe, maneno ya jirani, misemo, vitenzi vinavyofuatana na jina hilo, hata maneno ambayo msomaji huenda anayatafuta bila kujua. Kutoka dhana hadi neno: msomaji anaingia na haja yake na kuonyeshwa rafu. Hiyo ni kazi ya mkutubi. Ndiyo ile aliyoiota kwa msomaji wa kijiji asiyejua jina la kitabu anachokihitaji.

La pili ni fasili. Kamusi ya Akademia ilikuwa na ugonjwa wa kuzunguka: neno moja linaelezwa kwa jingine, na ukifuata hilo jingine unarudishwa ulikotoka. Moliner hakuwa na subira na mchezo huo. Aliandika fasili upya karibu zote, akijibana ili kila neno lielezwe kwa neno pana kuliko lenyewe, na hilo kwa lililo pana zaidi, hadi juu kabisa kwenye maneno ambayo hayana la kuyazidi. Kwa vidahizo kama elfu themanini, hiyo ni kazi ya kichwa ya kutisha. Kama fasili moja ya katikati itabadilika, zile zinazoitegemea lazima zikaguliwe upya. Ndiyo sababu alikuwa akifika mwisho na kurudi mwanzo.

La tatu ni mpangilio, na hili msomaji wa Kiswahili ataliona haraka kuliko wengi. Moliner hakufuata alfabeti peke yake. Alikusanya maneno kwa familia, yaliyotoka shina moja yakae pamoja, ili msomaji aone undugu wao. Sisi tumezoea jambo hilo: katika kamusi zetu nyingi, ukitaka *pigana* au *pigia* unakwenda kwenye *piga*. Tunajua raha yake, kwamba unaona ukoo mzima mahali pamoja, na tunajua usumbufu wake kwa mwanafunzi asiyelijua shina. Wasomaji wa Moliner waligawanyika vivyo hivyo. Upande wa herufi alikuwa mbele ya wakati: *ch* na *ll*, zilizohesabiwa herufi kamili zenye sehemu zao, alizipanga ndani ya *c* na *l* kama lugha nyingine zinavyofanya. Akademia za Kihispania zilikubali kupanga hivyo mwaka 1994.

Maneno aliyatoa kila mahali, hasa magazetini, kwa sababu huko, alisema, ndiko kuna lugha hai, maneno yanayolazimika kubuniwa papo hapo kwa haja. Aliacha kundi moja tu, matusi. Hapo sikubaliani naye. Kamusi inayojiita ya matumizi haiwezi kuyaacha nje maneno ambayo watu wanayatumia tangu asubuhi hadi usiku, na mgeni anayejifunza lugha ndiye anayeyahitaji zaidi, angalau ajue anatukanwa. Sijui mtunzi mkubwa wa kamusi asiye na mlango mmoja aliokataa kuufungua. Wa kwake ulikuwa huo.

Kampuni ya Gredos, ambako mshairi na mwanafilolojia Dámaso Alonso alikuwa na sauti, ilitia saini naye mwaka 1955. Juzuu mbili zilitoka 1966 na 1967. Waandishi, wafasiri na walimu waliipokea kwa shukrani. Watu waliacha kutaja jina la kitabu, wakasema tu "angalia kwenye Moliner".

Mwaka 1972 kiti kilikuwa wazi Akademia, na wanachama wake Rafael Lapesa na Pedro Laín Entralgo wakampendekeza. Taasisi hiyo ilianzishwa 1713, na kwa zaidi ya karne mbili na nusu haikuwahi kumchagua mwanamke kuwa mwanachama kamili. Mwaka 1853 ilimkataa mwandishi Gertrudis Gómez de Avellaneda. Ilimkataa mwandishi wa riwaya Emilia Pardo Bazán zaidi ya mara moja. Safari hii ilimchagua Emilio Alarcos Llorach, mwanaisimu mzuri sana ambaye hakuna anayepinga sifa zake. Moliner aliulizwa. Alisema wasifu wake ni mfupi, kwamba stahili yake pekee ni kamusi, hana vitabu vingine vya kuongeza kwenye orodha. Alikubali pia kwamba ni jambo linalofaa mwanafilolojia kuingia Akademia. Kisha akasema kwamba kama kamusi ile ingeandikwa na mwanamume, watu wangeuliza: imekuwaje mtu huyu hayumo Akademia!

Naitazama sentensi ile ya kwanza kwa huzuni. Hata yeye mwenyewe, akiwa na miaka sabini na miwili, alisema stahili yake ni moja. Zile maktaba zaidi ya mia, mwongozo, mpango wa 1939, vyote hakuvitaja. Mwaka 1972 Franco alikuwa bado hai, na kwa mtumishi aliyewahi kusafishwa, kunyamaza kuhusu miaka ya Jamhuri kulikuwa mazoea ya muda mrefu. Hadithi ya mama wa soksi ilipata nafasi kwa sababu ya ukimya huo. Iliwafaa wote: haikumtisha mtu, na haikumlazimisha yeyote kuuliza alikuwa wapi kabla ya 1939. Mwaka uliofuata Akademia ilimpa tuzo kwa kazi yake kwa lugha. Aliikataa.

Mume wake alifariki 1974. Wakati huo kumbukumbu ya Moliner mwenyewe ilikuwa imeanza kuharibika, na miaka yake ya mwisho aliishi katika ugonjwa wa ubongo uliomzuia hata kukipitia upya kitabu chake kama alivyotaka. Mwaka 1978 Akademia ilimchagua mshairi Carmen Conde, mwanamke wake wa kwanza kuwa mwanachama kamili. Moliner alifariki Madrid tarehe 22 Januari 1981.

Toleo la pili la kamusi lilitoka 1998, likiwa limezivunja familia za maneno na kurudisha alfabeti tupu. Inatafutika kwa haraka zaidi, nakubali, lakini mimi bado napenda toleo la zamani, ambalo unaingia kutafuta neno moja na kukaa na ndugu zake. Na Wizara ya Utamaduni ya Hispania, pamoja na shirikisho la miji, huendesha kampeni ya kuhamasisha usomaji inayopeleka fedha na vitabu kwenye maktaba za miji midogo na vijiji. Miji huandika miradi, inashindanishwa, na wakutubi wa mahali pasipojulikana hupata sanduku jipya la vitabu. Kampeni hiyo inaitwa María Moliner.